Mizani ya Mwanga: Kutoka Sirari hadi Ikoma

Sirari ni mji wa mizani. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, Kenya, na kati ya miji hii miwili hupita magunia ya mahindi na maharage, mikungu ya ndizi na marobota ya mitumba, na mzigo haubadilishi mwenyewe kabla haujapimwa. Mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo huaminika. Isiyo na stika huzua ubishi. Nilianzia hapo kwa makusudi. Njia yangu ilikuwa ya Sirari hadi Tarime mjini, kisha Nyamwaga na Nyamongo kwenye dhahabu, kuvuka Mto Mara kuingia wilaya ya Serengeti, kufika Mugumu na kuishia Ikoma, penye lango la hifadhi. Safari nzima niliitazama ardhi kwa swali moja la mpimaji: kilichofichwa chini yake kinaweza kupimwa na nani, kwa kifaa gani, na matokeo yawe mali ya nani? Jibu nililolibeba hadi mwisho wa barabara ni kwamba kifaa hicho kimeshapatikana duniani. Kinafanya kazi kwa kuzishika atomu baridi kwa mwanga, kisha kuziachia zianguke. Kilichokitoa maabara na kukileta barabarani ni ustadi wa vioo, na ustadi huo uko ndani ya uwezo wetu. Mkoa wa Mara una sababu nyingi za kuudai kuliko mikoa mingi ya dunia.

Barabara ya kutoka Tarime mjini inapita katikati ya vilima vya Wakurya, penye migomba, kahawa, mihogo na mawe makubwa ya matale yaliyopandana vileleni kama yalipangwa kwa mkono. Matale ni mwamba mwepesi kiasi. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 2.65. Ukielekea Nyamongo unaingia kwenye mwamba wa aina nyingine, wa kijani kilichofifia, uliotokana na lava ya kale. Wanajiolojia huuita ukanda wa mawe ya kijani wa Musoma na Mara, nao umepita umri wa miaka bilioni 2.5. Mwamba huu hufika tani 2.8 hadi 3 kwa mita ya ujazo. Ukifunikwa na udongo mwekundu na shamba la mahindi, jicho haliwezi kuutofautisha na matale. Mvutano wa dunia unaweza. Kila tani ya mwamba iliyo chini ya miguu huvuta kidogo kitu kilicho juu yake, na penye mwamba mzito kitu huanguka kwa kasi kubwa zaidi kuliko penye mwamba mwepesi, kwa tofauti ndogo mno ambayo haiathiri mzigo wa mtu kichwani.

Tofauti za namna hii zimo hata kwenye biashara ya kila siku. Mizani ya elektroniki ya mnunuzi wa dhahabu haipimi kiasi cha dhahabu moja kwa moja. Hupima nguvu ambayo dhahabu inasukuma sahani, kisha huigeuza kuwa gramu. Nguvu hiyo si sawa kila mahali. Paris, kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde. Nyamongo, karibu na Ikweta na juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita elfu moja, ni karibu 9.78. Mizani iliyosahihishwa Paris na kuletwa Nyamongo bila kusahihishwa upya ingeisoma kilo moja ya dhahabu ikiwa imepungua kwa zaidi kidogo ya gramu 3. Ndiyo maana mizani husahihishwa pale inapotumika, kwa mawe ya kupimia yaliyothibitishwa. Na mawe hayo nayo yana ukoo wake. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha chuma kilichofungiwa Ufaransa. Inategemea namba isiyobadilika ya maumbile, na mitambo inayoigeuza namba hiyo kuwa kilo hulazimika kujua mvutano wa dunia mahali ilipo kwa usahihi mkubwa. Basi gramu inayobishaniwa Nyamongo, ukiifuata ukoo wake hadi juu kabisa, inakufikisha kwa watu wanaopima jinsi kitu kinavyoanguka.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa atomu huanza na wingu la rubidiamu, metali laini inayogeuka mvuke kwa urahisi, ndani ya chombo kilichotolewa hewa. Katika joto la kawaida la chumba, atomu zake hukimbia kwa wastani wa mita 270 hivi kwa sekunde. Ili ianguke kwa utulivu mbele ya kipimo, kwanza lazima atomu ipunguzwe mwendo, na kinachoipunguza ni mwanga. Kila aliyesimama kando ya barabara ya Tarime anaijua honi ya bodaboda: ikija kwako sauti huwa nyembamba, ikishakupita huwa nzito. Mwanga nao una tabia hiyo, ambayo mwanafizikia Doppler aliieleza mwaka 1842. Leza huwekwa kwenye rangi iliyo chini kidogo ya ile ambayo atomu ya rubidiamu huipokea. Atomu iliyotulia haiioni. Inayoukimbilia mwanga huiona rangi imepanda hadi kufikia kipimo chake, huimeza fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, na papo hapo husukumwa nyuma kwa milimita 6 hivi kwa sekunde. Kisha huitoa fotoni hiyo upande wowote, na misukumo ya kutoa hufutana kwa kuwa haina mwelekeo mmoja, huku ile ya kupokea ikijumlishana. Misukumo kama elfu 45 inatosha kuisimamisha atomu, na kwa kuwa inaweza kupokea mamilioni ya fotoni kwa sekunde, kazi yote huisha kabla ya kufumba na kufumbua. Bado kupunguza mwendo si kushika. Atomu iliyopozwa itatangatanga hadi itoke kwenye mwanga, isipokuwa ipewe mahali pa kurudi. Koili mbili za umeme hutengeneza uga wa sumaku usio na nguvu katikati na unaoongezeka kuelekea pembeni, na mwanga hupitishwa kwenye vipande maalumu vya kioo ili uwe wa kujizungusha kama parafujo. Hapo atomu ikienda pembeni hurudishwa kwa nguvu zaidi kadiri inavyosogea mbali. Mtego umekamilika, na hakuna ukuta unaoigusa atomu.

Historia yake ni fupi na ya wazi. Mwaka 1975 Theodor Hänsch na Arthur Schawlow walipendekeza kwamba mwanga unaweza kupoza atomu. Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, walizipoza atomu za sodiamu kwa miale sita iliyokutana sehemu moja. Mwaka 1987 ukaja mtego wa mwanga na sumaku. Mwaka 1988 William Phillips akapima atomu zilizokuwa baridi kuliko nadharia ya wakati huo ilivyoruhusu. Miongoni mwa walioeleza kwa nini ni Claude Cohen-Tannoudji, aliyezaliwa Constantine, Algeria, mwaka 1933. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1997. Baridi wanayoizungumzia ni ya sehemu chache katika milioni za digrii moja juu ya sifuri kamili, chini sana ya ile ya anga za mbali kati ya nyota. Inapatikana katika chombo kilichowekwa juu ya meza, bila barafu wala jokofu, kwa sababu kinachopozwa ni wingu dogo la atomu peke yake.

Ugumu haukubaki kwenye atomu. Ulihamia kwenye vioo. Ili atomu isukumwe kutoka pande zote, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma, ilihitajika miale sita, na kila mwale una lenzi, vioo na vishikio vyake, vyote vikae sawa kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Meza ya vifaa hivyo hujaza chumba, na lori likipita nje, marekebisho huanza upya. Meza hiyo huwezi kuibeba kwenye barabara ya vumbi. Suluhisho lilitoka kwa watu waliokaa na swali la fundi kioo: je, mwale mmoja unaweza kufanya kazi ya miale sita? Mwaka 2010 watafiti wa Paris walionyesha kipimo cha mvutano kinachotumia piramidi tupu ya vioo, iliyogeuzwa kama faneli. Mwale mmoja mpana huingia, hugonga kuta nne, na miakisiko yake ndani ya piramidi hutoa pande zote zinazohitajika. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, likatangaza njia nyembamba zaidi: kipande bapa cha silikoni cha sentimita chache, chenye mifereji iliyoachana kwa karibu sehemu ya elfu moja ya milimita. Ukikitazama kwenye jua kinatoa rangi za upinde wa mvua kama mgongo wa CD. Mwale ukikiangukia wima, mifereji huugawa na kuurudisha juu kwa pembe, na pale miale inapokutana, atomu hunaswa. Juu ya mifereji hupakwa utando wa metali inayoakisi, na kwa rangi ya mwanga unaotumika kwa rubidiamu, dhahabu ni miongoni mwa vioo bora, kwa kuwa huakisi zaidi ya asilimia 95 yake. Utando wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba gramu moja ya dhahabu inatosha vipande vingi sana.

Atomu zikishashikwa, mtego huzimwa na zinaanguka. Katika sehemu ya sekunde zinayopewa kabla ya kugonga sakafu, atomu hupigwa na mimweko mitatu ya leza. Wa kwanza huigawa kila atomu, kwa tabia yake ya kuwa wimbi, ipite njia mbili kwa pamoja. Wa pili huzigeuza njia hizo. Wa tatu huzikutanisha. Mahali mawimbi yanapokutana hutegemea kasi ya kuanguka, na rula inayopima ni urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Mark Kasevich na Chu walifanya jaribio la kwanza la aina hii mwaka 1991, na kufikia mwaka 1999 kundi la Chu lilikuwa limepima mvutano kwa usahihi wa sehemu 3 katika bilioni. Tangu hapo kifaa kimetoka nje. Mwaka 2020 kimoja kinachotumia piramidi ya vioo kiliwekwa kwenye mlima wa volkano wa Etna, Italia, karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, kikawa kinafuatilia mabadiliko ya tungamo chini ya mlima. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Birmingham kilichapisha matokeo ya kifaa kilichogundua handaki la mita 2 kwa mita 2 chini ya barabara, nje, mbali na meza ya maabara. Huu ndio ushahidi ninaousimamia: vumbi, baridi na mtikisiko wa nje si vizuizi tena vya kanuni. Vimebaki kuwa vizuizi vya ufundi.

Nyamongo ndipo hoja inapopata uzito wake. Hapa uko mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ambamo leo kampuni ya Barrick ina asilimia 84 ya hisa na Serikali ya Tanzania asilimia 16. Wilaya ya Tarime pia ni ya wachimbaji wadogo, wenye maduara, karasha na karai za kusafishia. Duara huchimbwa wima, kisha handaki hufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu popote unapokwenda. Likiachwa, mdomo wake huota nyasi, kuta hulegea, na baada ya mvua za misimu michache hakuna anayekumbuka lilipopita. Hebu tulipime kwa hesabu. Chukua uwazi wa mviringo wenye kipenyo cha mita 4, kitovu chake kikiwa mita 5 chini, ndani ya mwamba wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake hupungukiwa uzito kwa chini ya sehemu ya kumi ya punje ya mchele. Kwa uwiano ni sehemu 25 hivi katika bilioni, na kwa kifaa kinachosoma sehemu chache katika bilioni, upungufu huo ni alama ya wazi. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Sidai kwamba kipimo cha mvutano ni chombo cha uokoaji. Hakina haraka hiyo. Ninachodai ni kwamba ramani ya uwazi uliofichika huchorwa kabla ya ajali, na kijiji kinachopanga kujenga darasa au kuchimba duara jipya kina haki ya kujua kama chini ni mwamba au ni hewa.

Mjuzi wa madini atapinga mara moja kwamba mvutano hautafuti dhahabu. Anasema kweli. Mwamba wenye gramu chache za dhahabu kwa tani hauongezi uzito unaoweza kupimwa kutoka juu, na yeyote atakayekuja Tarime akiahidi mashine ya kuona dhahabu kwa atomu baridi ni tapeli, afukuzwe. Mvutano huonyesha mipaka: mwamba wa kijani unaishia wapi na matale yanaanzia wapi, ufa mkubwa unapita wapi, uwazi uko wapi, maji yameongezeka au yamepungua. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vipimo vya mvutano vya springi vipo tangu karne iliyopita, ni vyepesi, vinabebeka, na makampuni ya utafutaji madini yanavitumia kila siku. Kwa nini tusinunue hivyo? Tuvinunue, na kwa kazi ya kutembea kituo hadi kituo huenda vikabaki bora kwa miaka mingi. Udhaifu wao ni kwamba springi huchoka na kuteleza polepole, na lazima irudishwe mara kwa mara kwenye kituo ambacho mvutano wake unajulikana. Hapo ndipo atomu inapokaa. Springi mbili hazifanani, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Atomu mbili za rubidiamu za aina moja hazina tofauti yoyote, ziwe ziko Paris au Nyamongo, leo au baada ya miaka mia. Kifaa cha atomu ni jiwe la kupimia la vipimo vingine vyote. Anayelimiliki ndiye anayeweza kusema nani kapima sawa.

Kumiliki kipimo pekee hakutoshi, na historia ya eneo hili inatufundisha. Kati ya mwaka 1899 na 1900 Wajerumani walileta msafara wa pendulamu Afrika Mashariki, ukiongozwa kisayansi na Ernst Kohlschütter, kupima mvutano wa koloni lao jipya. Mwaka 1933 na 1934 Edward Bullard wa Cambridge naye alipita Afrika Mashariki na pendulamu zake, akitumia mawimbi ya redio kulinganisha muda na Uingereza, na mwaka 1936 akachapisha kazi inayosomwa hadi leo. Vipimo vyake vilikuwa vya makini sana. Tafsiri yake ilikosea: aliona mvutano umepungua kwenye Bonde la Ufa, akahitimisha kwamba bonde lilitokana na ardhi kubanwa kutoka pande mbili. Leo tunajua kwamba ardhi inavutwa na kuachana. Namba haijifasiri, hufasiriwa na watu, na mtu anayeijua ardhi, anayeweza kurudi mara ya pili na ya tatu kupima tena, hukosea kwa muda mfupi zaidi kuliko mgeni anayeondoka na daftari. Kwa misafara yote miwili, matokeo yalichapishwa Ulaya, kwa lugha za Ulaya, na vijiji vilivyopitiwa havikuachiwa kitu. Tukipokea kifaa cha atomu kama sanduku lililofungwa, linalokuja na mtaalamu na kuondoka naye, tutakuwa tumeurudia msafara wa pendulamu kwa leza.

Baada ya Nyamongo barabara inashuka hadi Mto Mara, na daraja linakupeleka wilaya ya Serengeti. Mto huu una urefu wa karibu kilomita 395. Huanzia msitu wa Mau, Kenya, hupita Maasai Mara na kaskazini ya Serengeti, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea wakati wa kiangazi, kisha hupita kwenye kinamasi kikubwa cha Masurura na kuingia Ziwa Viktoria. Maji yanayoonekana mtoni hupimwa kwa mti wenye alama. Yaliyo ardhini hayaonekani, na kwa mto wa nchi mbili hayo ndiyo huleta shutuma: nani kapunguza, misitu ya nani imekatwa, visima vya nani vimezidi. Tabaka la maji lenye kina cha mita moja hubadilisha mvutano kwa sehemu 43 hivi katika bilioni. Likiwa limeenea kwenye mchanga wenye nafasi ya asilimia 20, ni sehemu 8 au 9. Kwa kipimo kizuri kinachobaki mahali pamoja mwaka mzima, kiangazi na masika husomeka. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na kustaafu mwaka 2017, zilifuatilia kwa njia ya mvutano jinsi maji ya bonde la Ziwa Viktoria yalivyopanda na kushuka, ila macho yao yaliona mamia ya kilomita kwa pamoja. Hazikuweza kusema lolote kuhusu bwawa la Manchira linalowapa maji watu wa Mugumu, wala kuhusu kisima cha kijiji. Kipimo cha ardhini kinaweza. Na kwa kuwa atomu haina uraia, namba yake inaweza kuaminiwa Sirari na Isebania kwa pamoja. Nisizidishe: mvutano hausomi sumu. Zebaki ya karasha na asidi inayotoka kwenye kifusi havibadilishi uzito wa maji kiasi cha kuonekana, na maji ya Mto Tigithe, ulio karibu na mgodi wa North Mara, yataendelea kuhitaji mkemia na chupa ya sampuli. Chombo kimoja hakijibu maswali yote, na anayekitetea kwa uaminifu lazima ataje mipaka yake.

Limebaki pingamizi ambalo msomaji wa Mugumu atalitoa kwanza, na ana haki. Wilaya inayohitaji madawati, zahanati na maji ya bomba izungumzie atomu? Kifaa kamili cha aina hii, kikinunuliwa kiwandani, ni cha dola mamia ya maelfu, na sitaki halmashauri yoyote iguse fedha ya zahanati kwa ajili yake. Mahali pake ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, pamoja na vyuo vikuu, na kugharamiwa kwake kunaweza kutoka kwenye mapato ya madini yenyewe, kwa kuwa ardhi inayochimbwa ndiyo inayostahili kupimwa. Lakini gharama ya kifaa si gharama ya ujuzi. Mwanga unaoshika rubidiamu una urefu wa wimbi wa nanomita 780. Leza ya deki ya CD ni ya nanomita 780. Mwaka 1995 Carl Wieman na wenzake wa Marekani walichapisha maelekezo ya mtego wa atomu kwa maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakitumia leza ndogo za bei nafuu za jamii hiyo. Fundi wa Tarime anayefungua deki iliyogoma kusoma, akasafisha lenzi kwa pamba na kuirudisha sawasawa kwenye reli yake, ameshika mikononi mwake mwanga uleule na tatizo lilelile la kuusimamisha mahali pake. Umbali kati yake na mtego wa atomu ni mkubwa, lakini ni umbali wa mafunzo, na mafunzo ndiyo kazi ya shule. Wala hatuanzi sifuri: mtandao wa Afrika wa watafiti wa leza, atomu na molekuli umekuwepo tangu mwaka 1991 ukiwa na makao Dakar, Afrika Kusini ina maabara za mwanga zinazoheshimika duniani, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na utafiti wa leza kwa miaka mingi. Nairobi ni safari ya siku moja ya basi kutoka Sirari.

Kutoka Mugumu ardhi inalegea na kuwa tambarare. Ikoma vichaka vinaachana, nyasi zinaongezeka, na ngome ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20 ingali inashuhudia kwamba aliyetaka kuitawala nchi hii alianza kwa kusimama mahali pa juu na kuipima. Ng'ambo ya lango, tembo na simba wenye kola wanafuatiliwa kwa setilaiti zinazobeba saa za rubidiamu, atomu ileile, ingawa huko haijapozwa kwa leza. Na sekunde inayoongoza saa za dunia husimamiwa na saa za atomu baridi za sesiamu zinazorushwa juu kama chemchemi, zikihesabu mitetemo 9,192,631,770. Kwa hiyo atomu tayari zinafanya kazi Serengeti. Zinamsaidia askari wa wanyamapori kujua tembo yuko wapi, zinamsaidia dereva wa watalii kujua barabara. Tunachotumia ni jibu lililokwisha kutengenezwa na wengine. Swali bado hatujalishika wenyewe.

Mara imetoa dhahabu kwa miongo mingi, na kila mkazi wa Nyamongo anajua tofauti ya kuuza jiwe na kuuza pete. Kipimo nacho kina jiwe na pete. Nawaomba walimu wa fizikia wa Tarime na Serengeti wamfungulie mwanafunzi deki mbovu ya CD na kumwonyesha lenzi ile ndogo, wamwambie kwamba mwanga unaopita hapo unaweza kusimamisha atomu hewani. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wajenge mtego mmoja wa atomu, mmoja tu, kwa mikono ya wanafunzi wa hapa, hata ukichukua miaka mitano. Na nawaomba wanaosimamia mapato ya madini walipe gharama yake. Ardhi ni yetu na mashimo ni yetu. Mizani nayo iwe yetu.